25 Julai iwe siku ya mapumziko? Mimi nasema hapana, nisikilizeni kwanza

Msafiri wa Kitonga

Wakuu, heshima yenu.

Kila Julai ikikaribia kuisha linaibuka swali lile lile: mbona Siku ya Mashujaa, tarehe 25, si siku ya mapumziko? Saba Saba tunafunga ofisi. Mwezi mmoja baadaye, Nane Nane, tunafunga tena. Katikati hapo ndipo ilipo siku ya watu waliokufa kwa ajili ya nchi hii, na siku hiyo tunaamkia kazini kama kawaida. Wanaolalamikia jambo hili wana uchungu wa kweli, siwacheki. Lakini mimi napinga, na naomba mnisome hadi mwisho kabla hamjanirushia mawe.

Tuanze na hiyo Saba Saba yenyewe. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954, ndiyo asili ya siku. Muulize leo kijana yeyote wa Temeke maana yake: atakutajia maonyesho ya biashara barabara ya Kilwa, sufuria za bei ya ofa, na foleni ya kurudi nyumbani. Hilo halinisumbui sana. Kuzaliwa kwa chama ni jambo la furaha, na furaha ikigeuka gulio hakuna aliyedhulumiwa. Siku ya msiba ikigeuka gulio, hapo kuna mtu kadhulumiwa, na hana namna ya kuja kulalamika.

Sasa waangalieni Wamarekani. Wana siku yao ya askari waliokufa vitani, Jumatatu ya mwisho ya Mei. Ilianza vizuri kuliko siku yoyote ninayoijua. Vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha mwaka 1865, watu walianza kwenda makaburini na maua bila kuagizwa na mtu. Kule Charleston, tarehe 1 Mei 1865, maelfu ya watu Weusi waliokuwa wametoka tu utumwani waliandamana na kuwaombea askari wa Muungano, yaani jeshi la Kaskazini, waliofia kwenye uwanja wa mbio za farasi uliokuwa umegeuzwa gereza la mateka. Mwaka 1868 Jenerali John Logan akatangaza 30 Mei iwe siku ya kupamba makaburi. Karne nzima ikaenda hivyo, tarehe 30, iangukie Jumanne iangukie Jumapili.

Mwaka 1968 Bunge lao likapitisha sheria ya kuzihamishia Jumatatu baadhi ya sikukuu, hii ikiwemo, ili watu wapate wikiendi ndefu. Ikaanza kutumika 1971. Hebu isome tena hiyo sababu. Marehemu hawamo kabisa.

Seneta Daniel Inouye wa Hawaii, aliyepoteza mkono vitani Italia mwaka 1945, alipeleka muswada mara nyingi kutaka siku irudishwe 30 Mei. Amefariki 2012 hajafanikiwa. Ukishampa mtu siku ya kulala, humnyang'anyi tena.

Pendekezo langu: 25 Julai ibaki siku ya kazi, ila iwe na dakika yake. Saa fulani inayojulikana, nchi nzima isimame, na kila wilaya isome majina ya watu wake waliokufa. Hayo tu. Karibuni.

Jogoo la Mjini

Mleta uzi nipe siku yangu ya kulala, marehemu hawatanidai.

Fundi Cherehani

Huwa mnanichekesha mkijadili mapumziko kana kwamba nchi nzima imeajiriwa. Mimi nisiposhona, sili. Bodaboda halali, mama ntilie halali, muuza mchicha ndio kwanza sikukuu inamtoa saa kumi alfajiri. Siku ya mapumziko Tanzania ni ya benki, ofisi za serikali na watu wenye mshahara wa mwisho wa mwezi. Kwa hiyo hata mkiitangaza, watakaopumzika ni wachache, na hao wachache nawajua: watakuwa mezani na kitimoto saa sita mchana.

Namuunga mkono mleta uzi, ingawa sababu zangu si zake.

Jogoo la Mjini

Kitimoto umekitaja kwa uchungu sana fundi, unakidai?

Ughaibuni Tu

Niko huku Marekani muda sasa, ngoja niwape picha halisi, maana mleta uzi kaisema kisheria na mimi naishi nayo.

Wiki mbili kabla, simu yako inajaa matangazo. Magodoro punguzo. Magari punguzo. Majokofu punguzo. Kwa nini magodoro yahusiane na wafu sijawahi kupata jibu. Hiyo wikiendi ndiyo wanayohesabu kama mwanzo wa majira ya joto: mabwawa ya kuogelea yanafunguliwa, barabara zinafurika, kila ua unafuka moshi wa nyama. Mbio kubwa za magari za Indianapolis zinafanyika Jumapili yake. Kazini kwangu wenyeji huagana Ijumaa kwa kutakiana sikukuu njema, mpaka siku moja mama mmoja ambaye mwanawe aliuawa Iraki akajibu, "Kwangu haijawahi kuwa njema." Ofisi nzima ikakosa pa kutazama.

Ila haki yao niwape. Nenda Arlington, makaburi yao makuu karibu na Washington. Kabla ya wikiendi hiyo, askari wa kikosi cha tatu cha miguu wanapita na kuchomeka bendera ndogo mbele ya kila kaburi, zaidi ya makaburi 200,000, na wanaimaliza kazi hiyo kwa saa chache. Hakuna kaburi linalorukwa. Mwaka 2000 wakatunga na sheria ya kuwaomba raia wanyamaze dakika moja saa tisa alasiri siku hiyo. Saa tisa hiyo mimi huwa niko zamu. Sijaona mtu akiacha alichokuwa anafanya.

Kwa hiyo mleta uzi, dakika yako nayo si dawa. Wenzetu wanayo, na imemezwa na moshi wa nyama.

Msafiri wa Kitonga

Mkuu Ughaibuni, hapo umenisaidia badala ya kunipinga. Dakika yao imemezwa kwa sababu imewekwa ndani ya siku ya mapumziko, watu wametawanyika, nani amwambie nani anyamaze? Waingereza tarehe 11 Novemba wako kazini. Si sikukuu. Lakini saa tano asubuhi wananyamaza dakika mbili, desturi iliyoanza 1919, ofisini, stesheni, hata madukani. Unanyamaza kwa sababu aliye pembeni yako kanyamaza. Aibu inasaidia.

Kobe la Bahari

Assalaam alaykum wana jukwaa. Mimi wa Unguja, nina neno.

Mnasema mapumziko yanaua kumbukumbu. Mbona 7 Aprili haijaua? Mzee Karume aliuawa tarehe hiyo mwaka 1972, Muungano mzima unapumzika, na sisi kila mwaka tunakwenda Kisiwandui kumsomea hitma. Viongozi wanakuja, masheikh wanakuja, na mtu wa kawaida kwake anasoma alichojaaliwa. Huku bara najua mnalala, hilo lenu. Siku ni moja, sheria ni moja, upande mmoja unakumbuka na mwingine hauna habari.

Tofauti ni kwamba sisi tuna cha kufanya. Unajua uende wapi, ukae vipi, useme nini, na ukitoka hapo una thawabu zako. Siku iliyo tupu itajazwa na chochote kitakachotokea kwanza, iwe ya kazi au ya mapumziko. Msilaumu mapumziko, laumuni utupu.

Msafiri wa Kitonga

Hili nimelipokea, kaka Kobe. Nakubali kwamba utupu ndio adui. Bado naamini siku ya mapumziko ni tupu kuliko siku ya kazi kwa mtu ambaye hana hitma ya kwenda.

Chaki Nyeupe

Kuna kitu hamjakigusa. Tarehe 25 Julai shule zimefunguliwa, wanafunzi wako mstarini asubuhi. Mkiifanya mapumziko mmewapeleka watoto nyumbani kwenye katuni, siku pekee ambayo mwalimu angeweza kuwaambia Kaboya, kwenye makaburi ya askari wa vita vya Kagera, ni wapi. Nafundisha darasa la sita. Wanayajua majina ya wachezaji wa Ulaya mpaka wa akiba. Vita vya Kagera wanavijua kama swali la kuchagua herufi.

Kuruta wa Zamani

Vijana hamjambo.

Nimesoma yote. Mimi ni mmoja wa wale waliovuka Kagera. Sikuwa mwanajeshi wa kudumu, nilikuwa mgambo, tukachukuliwa pamoja na vijana wa JKT, polisi na magereza, maana Amin alipovamia mwishoni mwa 1978 na daraja la Kyaka likavunjwa, jeshi peke yake halikutosha. Hotuba ya Mwalimu ya Novemba mwaka ule, ya sababu, nia na uwezo, leo nawasikia mnaitumia kwenye utani wa Simba na Yanga. Sikasiriki. Ila tuliokuwa tunaisikiliza kwenye redio tulikuwa tunajitazama sisi, kwa sababu uwezo uliokuwa unatajwa ni sisi.

Nitawaambia gwaride la 25 Julai linavyokwenda, maana naona wengi mnaliona sekunde chache kwenye taarifa ya habari. Rais anaweka mkuki na ngao kwenye mnara. Mkuu wa Majeshi anaweka sime. Kiongozi wa mabalozi anaweka shada la maua. Meya anaweka upinde na mishale. Halafu mwakilishi wetu sisi wastaafu anaweka shoka. Mizinga inapigwa, tarumbeta inalia, watu wananyamaza, viongozi wa dini wanaomba. Ni shughuli fupi na ni nzuri, sina la kuikosoa. Kasoro yake ni kwamba aliyekuja na aliyeangalia kwenye televisheni wote wanaondoka bila kusikia jina hata moja.

Lukaya, ndani ya Uganda, Machi 1979, tulipambana na Walibya waliokuja kumsaidia Amin. Nilikuwa na rafiki pale, mtu wa Songea, mwimbaji. Alibaki palepale. Tarehe 11 Aprili Kampala ilipoanguka wenzangu walishangilia, mimi nilikuwa nafikiria barua yake ambayo nilikuwa nayo mfukoni na sijui nitaipeleka kwa nani.

Serikali ilisema tulipoteza askari 373, na waliouawa kwenye mapigano yenyewe ni 96. Wengine ni ajali, maradhi, na mambo mengine ya vita ambayo hayaimbwi. Rafiki yangu yumo kwenye namba hiyo. Namba haina sauti ya kuimba.

Mnaniuliza mapumziko? Mimi nimestaafu, napumzika kila siku. Haitanisaidia kitu.

Jogoo la Mjini

Shikamoo mzee wangu. Nafuta utani wangu wa pale juu.

Kuruta wa Zamani

Marahaba mwanangu. Usifute. Tungekuwa naye rafiki yangu angekucheka.

Mhaya wa Muhutwe

Mimi nyumbani ni karibu na Kaboya, ndipo walipozikwa wengi wa hao anaowasema mzee. Kwetu vita havijawa historia bado. Pale Kyaka magofu ya kanisa yamesimama mpaka leo, unapita na basi kwenda Mutukula unayaona. Wazee wa huku wakihesabu umri wanasema fulani alizaliwa kabla ya Amin au baada ya Amin.

Lakini nitawapinga wote mnaoshangilia siku ya kazi. Fikirieni mjane wa Mtwara au mtoto wa marehemu aliyeko Mbeya. Kufika Kaboya ni safari ya basi ya siku mbili kwenda, mbili kurudi. Kama ni mwajiriwa, bosi atamwuliza: unakwenda msiba wa nani? Wa baba yangu. Alikufa lini? 1979. Jibu mnalijua. Mapumziko yangewapa hao angalau njia ya kutoka. Nimeona familia zikija hapa baada ya miaka mingi, wanashuka kwenye basi wakiwa na jina tu kwenye karatasi, hawajui waanzie wapi.

Msafiri, wewe unaongelea nchi nzima isimame dakika moja. Mimi naongelea watu wenye makaburi.

Msafiri wa Kitonga

Mkuu, hoja hii ndiyo nzito kuliko zote zilizoletwa humu. Lakini tazama, siku moja ya mapumziko haimfikishi mtu wa Mtwara Kaboya. Atakuwa Dodoma siku inakwisha. Anachohitaji ni likizo yake yeye, ya siku za kutosha, yenye malipo, kwa sababu ni ndugu wa marehemu wa vita, na nauli juu ya jeshi. Familia hizo si nyingi kiasi cha kuishinda nchi. Gharama yake haifiki hata robo ya kufunga ofisi zote za serikali siku nzima. Kuwapa watu milioni sitini siku ya kulala ili familia mia kadhaa zisafiri, ni kama kufungulia bwawa ili kujaza ndoo.

Mhaya wa Muhutwe

Hapo kwenye likizo ya ndugu nakubali. Ila ukiandika kwa mbunge wako andika na nauli ya kurudi, maana mnapenda kusahau ya kurudi.

Mtoto wa Gerezani

Mnaongea 1978 kana kwamba mashujaa walianzia hapo. Kariakoo mnayokwenda kununua nguo za sikukuu palikuwa kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza, Vita vya Kwanza vya Dunia. Babu zetu walibebeshwa risasi na unga kutoka pwani mpaka porini wakifukuzana na Wajerumani, wakafa kwa kuhara na malaria zaidi ya risasi. Na Sanamu ya Askari pale Samora, iliyowekwa 1927, ndiyo ukumbusho wao. Leo ni mahali pa kumwambia mtu "nisubiri Askari". Nimekaa mjini maisha yangu yote, sijaona mtu akiweka ua.

Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti yake yenyewe ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa wakilitumikia jeshi la Waingereza hawakuandikwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi ni wa Afrika Mashariki na Misri. Waziri wao wa Ulinzi akaomba radhi bungeni. Mzungu aliyefia hapa ana jiwe na jina. Aliyembebea mzigo hana.

Kwa hiyo mkisema majina yasomwe wilaya kwa wilaya, kuna wilaya hazitakuwa na cha kusoma, na si kwa sababu hazikufiwa.

Fundi Cherehani

Hii ya Kariakoo imenikaa vibaya. Vitambaa vyangu vyote natoa huko.

Nyota ya Ziwa

Na hawa wa juzi je? Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya askari wetu wa kulinda amani kule Semuliki, Kongo, ilishambuliwa, wakauawa 14 kwa mkupuo. Siku mbili baadaye ilikuwa 9 Desemba, Uhuru. Darfur, 13 Julai 2013, wakauawa saba, siku 12 kabla ya Siku ya Mashujaa. Hawa hawakufa wakilinda Kagera, walikufa wakilinda watu wa nchi nyingine. Wake zao wana umri wa kina dada waliomo humu. Uzi ukianza kuongelea mashujaa kila mtu anavuta picha ya mzee mwenye medali kifuani, na wajane wa miaka thelathini na kitu wanapita mitaani hakuna anayewajua.

Ughaibuni Tu

Dada Nyota umesema kweli. Huku pia ndivyo, wanampigia makofi mzee wa Vietnam uwanjani, binti aliyefiwa Afghanistan anafanya kazi dukani kwenye hilo hilo punguzo la magodoro.

Shahidi wa Dodoma

Kumbukumbu tu kwa wanaodhani siasa haiingii. Julai 2016 maadhimisho yalikuwa kwetu Dodoma, Hayati Magufuli akahutubia. Kuna mtu anakumbuka chochote kuhusu mashujaa siku ile? Habari yote ilikuwa serikali kuhamia Dodoma. Mimi mwenyewe nilishangilia, nina kiwanja. Ndiyo maana hofu yangu si nyama choma. Hotuba ikipewa nafasi, inaimeza siku yoyote.

Kobe la Bahari

Ndio maana hitma haina hotuba ndefu.

Chaki Nyeupe

Basi mimi sisubiri bunge. 25 Julai ijayo, mstarini, nataka kusoma majina, hata kama ni matano. Mkuu wa shule nitamshawishi, si mtu mgumu. Shida yangu ni kupata majina ya watu wa wilaya yangu. Mhaya, pale Kaboya mtu anaweza kuingia akanakili?

Mhaya wa Muhutwe

Ni eneo la jeshi, utaratibu wake unaombwa. Usije na simu ukaanza kupiga picha ovyo, utalala ndani. Andika barua kupitia kwa mkuu wa wilaya yako, mwambie ni kwa ajili ya shule. Na anzia hapo hapo ulipo: uliza ofisi ya kata, uliza msikitini na kanisani, uliza mzee yeyote aliyekuwa mgambo. Majina ya kijiji yanapatikana kijijini kabla ya kupatikana kwenye mnara.

Chaki Nyeupe

Asante kaka. Mzee Kuruta, shikamoo. Kama uko mkoa wa Morogoro au jirani, ungekubali kuja kusimama mbele ya watoto? Nauli tutachanga walimu, kwenda na kurudi.

Kuruta wa Zamani

Marahaba mwalimu. Niko Kilosa. Nitakuja, lakini tuelewane mapema: sihutubii. Waache wao waulize, hata maswali ya kijinga, na usimnyamazishe atakayeuliza kama niliua mtu, maana lazima mmoja ataliuliza. Jina la rafiki yangu wa Songea si la wilaya yenu, ila na yeye msomeni.

Jogoo la Mjini

Mwalimu, hiyo nauli na mimi nipo. Tuma namba inbox.